Mfalme na Mke wa Ndugu Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Walawi 18:16, 20:21, Kumbukumbu la Torati 25:5–10, 17:17–20, Hesabu 27:1–8, Mathayo 22:23–30, Marko 6:17–20, Malaki 2:13–16.

Fungu la kukariri: Malaki 2:14.

Mwaka 1527 Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa ameishi na mkewe, Catherine wa Aragon, miaka 18. Catherine alikuwa amebeba mimba mara kadhaa. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya kwanza ya Januari 1511 alishangiliwa na nchi nzima, lakini alizikwa kabla ya kutimiza miezi 2. Aliyebaki hai alikuwa binti mmoja, Mary, mwenye umri wa miaka 11. Mama yake alikuwa na miaka 41, na tumaini la mimba nyingine lilikuwa limekwisha.

Ndipo mfalme akafungua kitabu cha Walawi.

Alichokisoma humo kilivunja ndoa yake, kikaitenga nchi yake na Roma, na kikawapeleka kwenye shoka watu waliokuwa wamemtumikia kwa uaminifu. Juma hili linachunguza mafungu mawili ya Torati yanayoonekana kupingana, na jinsi mtu anavyoweza kuyasoma maneno ya Mungu kwa bidii nyingi huku jibu analolitaka akiwa nalo tayari. Ni somo la ndoa pia. Katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato wameketi wake ambao wamewahi kuulizwa na wakwe zao swali lile lile aliloulizwa Catherine: mtoto wa kiume yuko wapi?

JUMAPILI
Mjane wa Miaka 16

Catherine alikuwa binti wa Ferdinand na Isabella wa Hispania. Novemba 1501 aliolewa na Arthur, mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Bwana arusi alikuwa na miaka 15. Kabla ya miezi 5 kutimia, Aprili 1502, Arthur akaugua na kufa huko Ludlow, karibu na mpaka wa Wales.

Mjane alikuwa na miaka 16, katika nchi ya ugeni. Wazee wa pande zote mbili hawakutaka mapatano yao yavunjike. Kulikuwa na suala la mali pia. Kwa desturi ya huko, upande wa binti ndio uliotoa mali, na nusu yake ilikuwa imekwisha kulipwa. Ikaamuliwa kwamba aolewe na Henry, mdogo wake marehemu. Sheria ya kanisa la Roma ilikataza ndoa ya namna hiyo, hivyo ikaombwa ruhusa ya pekee kwa Papa Julius II, naye akaitoa. Ruhusa hiyo ina tarehe ya Desemba 1503. Ndoa yenyewe ilifungwa Juni 1509, majuma machache baada ya Henry kuwa mfalme. Yeye alikuwa anakaribia miaka 18, na bibi arusi alikuwa na 23.

Catherine alishikilia mpaka kufa kwake kwamba Arthur hakumjua, kwa maana ile ambayo Biblia hulitumia neno hilo. Jambo hili la chumbani kwa watoto wawili lingekuja kujadiliwa na makardinali, mabalozi na wanasheria wa nusu ya Ulaya.

Soma Rutu 4:1–10. Ni nani aliyekataa kumchukua Rutu, na alitoa sababu gani? Boazi alitanguliza kitu gani?

JUMATATU
Mafungu Mawili

Walawi 18:16 linamkataza mtu kuufunua utupu wa mke wa ndugu yake. Walawi 20:21 linaongeza kwamba jambo hilo ni uchafu, na kwamba wahusika watakosa watoto. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati 25:5. Hapo ndugu wanakaa pamoja, mmoja anakufa bila mtoto, na ndugu yake anaagizwa amtwae yule mjane, ili mzaliwa wa kwanza alichukue jina la marehemu lisipate kufutika katika Israeli.

Upande wa mfalme ulisema hivi: neno la Walawi ni sheria ya Mungu kwa watu wote, kwa hiyo hakuna papa awezaye kuruhusu kinyume chake, amri ya Kumbukumbu ilikuwa ya Wayahudi tu nayo imepita. Upande wa malkia ukajibu kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo ambalo kwa asili yake ni uovu. Kama aliliamuru mahali pamoja, basi katazo la Walawi lina mipaka.

Hoja ya mfalme haikuwa ya kipuuzi, na mwalimu wa darasa asiipite haraka. Walawi 18 si sura ya dhabihu na kuoga. Inakataza zinaa ya ndugu wa damu, uzinzi, na kutoa watoto kwa Moleki, na mafungu ya 24 hadi 27 yanasema mataifa ya Kanaani yalihukumiwa kwa mambo hayo hayo, ingawa hayakuwa na Torati. Hakuna Mkristo anayesema kwamba sura hiyo imefutwa.

Lakini mafungu hayo mawili yakiwekwa pamoja, njia ya kuyaelewa inaonekana. Walawi linatoa katazo la jumla, nalo linamgusa hasa mke wa ndugu aliye hai. Kumbukumbu linataja hali moja maalumu: ndugu amekufa, na hakuacha mtoto. Mfano wa wazi wa kuvunja Walawi 18:16 ni Herode, aliyemchukua Herodia wakati Filipo, mume wake, yungali hai. Yohana Mbatizaji alimwambia waziwazi kwamba si halali (Marko 6:18). Catherine hakuwa katika hali ya Herodia. Mume wake wa kwanza alikuwa kaburini, wala hakuacha mtoto.

Kulikuwa na tatizo jingine. Walawi 20:21 linatishia kukosa watoto, na Henry alikuwa na Mary. Robert Wakefield, mtaalamu wa Kiebrania, akamsaidia mfalme kwa kusema kwamba katika lugha ya asili tishio hilo lilihusu watoto wa kiume. Neno lenyewe ni *ariri*. Ndilo alilolitumia Abramu katika Mwanzo 15:2, alipolalamika kwamba hana mtoto kabisa, wa kiume wala wa kike. Ni kweli kwamba neno hilo lina upana fulani. Katika Yeremia 22:30 Mfalme Konia anaandikwa kuwa *ariri*, na bado 1 Nyakati 3:17, 18 inaorodhesha wanawe. Maana yake pale ni kwamba hakuna mzao wake atakayeketi katika kiti cha enzi cha Daudi. Henry angeweza kufurahi kuliona fungu hilo. Hata hivyo, kutoka hapo mpaka kusema kwamba mwenye binti hana mtoto ni mbali mno, na Maandiko hayafiki huko.

Desturi ya kurithi wajane inajulikana sana kandokando ya Ziwa Victoria na mahali pengine, na wazee wa makanisa hukutana nayo kila penye msiba. Mara nyingi Kumbukumbu 25 hutajwa kwa haraka ili kuitetea. Fungu hilo lisomwe mpaka mwisho. Anayekwenda langoni mbele ya wazee kudai haki ni mjane, na anayeaibishwa ni ndugu aliyekwepa wajibu. Sheria ile ililinda jina la marehemu na maisha ya mwanamke aliyeachwa. Haikumpa mtu aliye hai nafasi ya kujipatia ng'ombe na shamba la ndugu yake.

Soma Mathayo 22:23–30. Masadukayo walilileta fungu la Kumbukumbu 25 wakiwa na nia gani? Yesu alisema upotevu wao ulitoka wapi?

JUMANNE
Mbele ya Makardinali

Juni 1529 mahakama ilikaa Blackfriars, London, chini ya makardinali wawili: Wolsey, waziri mkuu wa mfalme, na Campeggio, aliyetumwa kutoka Roma. Malkia alipoitwa, hakuwajibu makardinali. Alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya mumewe na kusema naye, watu wote wakisikia. Alimkumbusha kwamba amekuwa mke mwaminifu kwake, kwamba watoto walizaliwa ingawa Mungu aliwachukua, na kwamba alipomchukua alikuwa bikira; akamwachia Mungu na dhamiri ya Henry waamue kama hilo ni kweli au sivyo. Mfalme hakumjibu neno. Catherine akasimama, akakata rufani Roma na kutoka nje. Aliitwa arudi. Hakurudi.

John Fisher, askofu wa Rochester, alisimama katika mahakama ile akasema ndoa ni halali, na kwamba yu tayari kufa kwa ajili ya ndoa kama Yohana Mbatizaji. Mfalme alikasirika sana, maana alielewa ni nani aliyekuwa akifananishwa na Herode. Julai, Campeggio akaahirisha kesi bila kutoa hukumu.

Isidhaniwe kwamba Roma ilikuwa ikipima Maandiko tu. Mei 1527 majeshi ya Kaisari Charles V yalikuwa yameuteka mji wa Roma na kuupora, na Papa Clement VII akawa kama mfungwa. Charles alikuwa mwana wa dada yake Catherine. Papa alimwogopa Kaisari, alimwogopa na Henry, akaahirisha mwaka hata mwaka. Hukumu yake kwamba ndoa ni halali ilitoka Machi 1534, baada ya Henry kuwa na mke mwingine. Mtu anaweza kutoa jibu lililo sahihi kwa sababu zisizo sahihi.

Wakati huohuo mfalme alituma watu kwenye vyuo vikuu vya Ulaya kukusanya maoni. Paris, Bologna, Padua, Oxford na Cambridge walimpa jibu alilolitaka. Huko Italia mawakala wake walikuwa na fedha za kuwalipa wanatheolojia, na hata wataalamu wa Kiyahudi waliulizwa habari za Kumbukumbu 25. Ni mara chache Biblia imewahi kuchunguzwa kwa gharama kubwa hivyo.

Hapo ndipo panapofaa kumtazama William Tyndale. Agano Jipya lake la Kiingereza, lililochapwa 1526, lilikuwa limechomwa moto London. Yeye mwenyewe alikuwa akijificha ng'ambo, na shauku yake ilikuwa mfalme aruhusu Biblia isomwe na mkulima. Mfalme alikuwa akitafuta watu wa kuunga mkono hoja yake. Tyndale angepata rafiki mkubwa kwa sentensi chache tu. Badala yake, mwaka 1530, alichapa kitabu kilichosema kwamba kwa kadiri anavyoyasoma Maandiko, ndoa ya Henry na Catherine ni halali. Mwaka uliofuata Martin Luther naye, ambaye angefaidika vilevile kwa kukubaliana na mfalme, alisema ndoa hiyo isivunjwe. (Luther aliongeza ushauri ambao darasa litaukataa: kwamba ni afadhali mfalme aongeze mke wa pili kuliko kumwacha wa kwanza.)

Tyndale alikamatwa 1535, akanyongwa na kuchomwa huko Vilvoorde Oktoba 1536. Mwaka 1539 Biblia kubwa ya Kiingereza ilichapwa kwa idhini ya Henry, na sehemu kubwa ya maneno yaliyokuwa ndani yake ilikuwa kazi ya mikono ya Tyndale.

Je, ni rahisi zaidi kusema kweli mbele ya adui, au mbele ya mtu ambaye msaada wake unauhitaji?

JUMATANO
Binti na Kiti cha Enzi

Hofu ya Henry ilikuwa na mizizi. Baba yake alilipata taji vitani mwaka 1485, baada ya miaka mingi ya koo kuuana. Mwanamke aliyewahi kuachiwa ufalme wa Uingereza alikuwa Matilda, binti wa Henry I. Wakuu waliapa kumkubali, lakini baba yake alipokufa mwaka 1135 binamu yake, Stephen, akakitwaa kiti, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme aliyejua habari hizo asingeweza kulala vizuri akiwa na binti mmoja tu.

Catherine aliyaona mambo kwa namna nyingine. Mama yake, Isabella, alikuwa malkia wa Castile kwa haki yake mwenyewe. Yeye Catherine aliachiwa kuitunza Uingereza mwaka 1513 mumewe alipokwenda vitani Ufaransa, na ni wakati huo ambapo Waskoti walishindwa huko Flodden. Kwake binti kutawala halikuwa jambo la kutisha.

Na katika Biblia ileile iliyokuwa na Walawi 20 kuna Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, Eleazari na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe kwa sababu hakuwa na mwana. Musa hakuwajibu kwa desturi. Alilileta neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena vema. Sheria hiyo ilihusu ardhi, si taji, lakini ilionyesha jinsi Mungu anavyomtazama mtu mwenye mabinti peke yao: hakumhesabu kuwa hana uzao.

Yaliyofuata ni ya haraka na ya kusikitisha. Januari 1533 Henry alimwoa kwa siri Anne Boleyn, aliyekuwa na mimba. Mei, Askofu Mkuu Thomas Cranmer akatangaza kwamba ndoa ya Catherine haikuwa ndoa tangu mwanzo. Septemba Anne akazaa. Alikuwa mtoto wa kike, Elizabeth. Mwaka 1534 sheria zikapitishwa kuuweka urithi kwa uzao wa Anne na kumfanya mfalme kuwa kichwa cha kanisa la Uingereza. Fisher na Thomas More, waliokataa kiapo, walikatwa vichwa 1535. Catherine alikufa Januari 1536 huko Kimbolton, mbali na binti yake ambaye hakuruhusiwa kumwona. Mei mwaka huohuo Anne naye alikatwa kichwa, na ndoa yake nayo ikatangazwa batili. Kufikia majira ya joto mabinti wote wawili wa mfalme walikuwa wamehesabiwa kuwa watoto wa nje ya ndoa.

Oktoba 1537 mke wa tatu, Jane Seymour, alimzaa Edward, akafa baada ya siku 12. Mwana huyo aliyetafutwa kwa gharama yote hiyo alitawazwa akiwa na miaka 9, akafa akiwa na 15. Baada yake walitawala mabinti. Chini ya Mary Waprotestanti wapatao 280 walichomwa moto, na mmoja wao alikuwa Cranmer, mtu aliyemwita mama yake Mary kuwa si mke. Elizabeth alitawala miaka 44.

Linganisha na Mwanzo 16. Sarai na Abramu walikuwa na ahadi ya kweli. Walikosea wapi katika kuitafuta? Ni nani waliolipa?

ALHAMISI
Mfalme Anayesoma

Kumbukumbu 17:17–20 linamwagiza mfalme asijizidishie wake, na ajiandikie nakala ya Torati, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Henry alikuwa msomaji. Mwaka 1521 alitoa kitabu dhidi ya Luther, na papa akampa cheo cha mlinzi wa imani. Aliwashinda wafalme wengi kwa kuyajua Maandiko. Tofauti iko katika lile neno la mwisho: moyo usiinuke juu ya ndugu. Catherine alikuwa miongoni mwa ndugu hao.

Alisema mara nyingi kwamba dhamiri inamsumbua, na labda ilimsumbua kweli. Lakini mwaka huohuo wa 1527, wakati anasema ruhusa ya Papa Julius haikutosha kuhalalisha ndoa yake, aliwatuma watu Roma kuomba ruhusa nyingine. Alitaka aruhusiwe kumwoa mwanamke ambaye dada yake alikuwa amelala naye. Mbele ya sheria ya kanisa, ukaribu huo ulikuwa wa namna ileile na ule wa mke wa ndugu. Yaani kizuizi kilichokuwa kikubwa kwa Catherine kilikuwa kidogo kwa Anne. Daudi, alipoambiwa na Nathani habari za mke wa Uria, alisema amemfanyia Bwana dhambi, na Nathani akarudi nyumbani akiwa hai.

Malaki 2:13–16 linasema madhabahu imefunikwa kwa machozi, na Bwana haitazami tena sadaka, kwa kuwa amekuwa shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake. Mzee wa kanisa anapoketi na mume anayetaka kumrudisha mkewe kwao kwa sababu amezaa wasichana watupu, anaweza kuanza na fungu hilo. Anaweza pia kumweleza jambo ambalo madaktari wa Henry hawakulijua: kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Na kama ni wakwe wanaosukuma, waitwe nao wakae katika kikao hicho, kwa maana mara nyingi mume ni mjumbe wa mama yake tu.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma 2 Samweli 12:1–15 na 1 Samweli 1:1–8. Angalia maneno ya Elkana kwa Hana wakati bado hana mtoto.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu anapoleta kwa mchungaji fungu la Biblia linaloruhusu hasa jambo ambalo tayari ameamua kulifanya, asaidiweje kulisoma upya bila kumdharau?

2. Mabishano haya yalichangia Biblia kuwekwa mikononi mwa watu wa Uingereza kwa lugha yao. Je, faida hiyo inapunguza uzito wa kosa alilotendewa Catherine? Darasa litoe sababu kutoka katika Mwanzo 50:20.

3. Juni 1536 Mary, akiwa na miaka 20, mama yake amekufa miezi 5 iliyopita, aliletewa karatasi ya kukiri kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa haramu na kwamba yeye ni mtoto wa haramu. Aliambiwa kwamba asipotia saini ataadhibiwa kama msaliti. Alitia saini. Kama mmoja wa washiriki wa darasa hili angekuwa chumbani naye usiku ule, angemwambia nini?